Namna ya Kuhesabu Nyuzi Ihanja Bila Kugombana na Kuku, Mgeni wala Mteja

Kwanza fukuza kuku. Mkoa wa Singida umejipatia jina mpaka Dar es Salaam kwa kuku wake wa kienyeji, lakini kuku hao, pamoja na sifa zao zote, hawaheshimu kazi ya sindano. Jogoo wa Ihanja akiona uzi mwekundu unaning'inia kwenye goti lako anajua amepata mnyoo. Atauvuta, atakimbia nao hadi nyuma ya choo, na rangi ile huenda imeshakwisha dukani. Kwa hiyo chagua pahali penye mwanga wa asubuhi, pawe pamekingwa na upepo, maana upepo wa Singida hauna siku ya mapumziko. Kisha mpe mtoto mmoja fimbo pamoja na cheo cha msimamizi wa kuku.

Pili, nawa mikono. Ihanja iko katika Wilaya ya Ikungi, nchi ya alizeti, na mkono uliotoka kumimina mafuta kwenye kikaango huacha alama ya kidole inayodumu kuliko darizi. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, ndipo uguse kitambaa. Tone la mafuta likidondoka, usilisugue. Nyunyizia unga wa chaki, uache unyonye, pukuta, kisha paka sabuni ya kipande na ufue.

Sasa kaa, tuanze. Kazi yenyewe ni kudarizi kwa kuhesabu nyuzi. Wengi walifundishwa kudarizi kwa kuchora: ua linachorwa kwa penseli juu ya kitambaa, na sindano inafuata mstari. Huku kwetu hakuna mstari. Mchoro unabaki kwenye karatasi, kitambaa kinabaki kitupu, na kinachouhamisha mchoro kutoka huku kwenda kule ni hesabu yako peke yake: miraba mitano kulia, miwili juu, choma. Ndiyo sababu napandwa na hasira nikimsikia mtu mzima akisema vitambaa vya sebuleni ni kazi ya kupotezea muda. Mama anayepanga maua manne kwenye pembe nne za kitambaa, yakalingana bila kupishana hata uzi mmoja, amefanya kwa kichwa hesabu ambayo kijana wa sekondari huifanya kwa rula, kwa kifutio na kwa kunung'unika. Wanawake wa Kinyaturu wanaosuka vikapu wanaijua hesabu hiyo tangu zamani: ukikosea idadi mwanzo wa mzunguko, mwisho wake pambo halikutani, na hapo utafumua huku umenyamaza.

Tuje kwenye kitambaa. Vitabu vya ufundi huu vitakuambia utafute Aida, kitambaa kilichofumwa makusudi kiwe na matundu yaliyojipanga. Kinachotumika sana kina miraba 14 kwa kila inchi moja. Ukipata nafasi ya kwenda Kariakoo, kiulizie. Ila usiahirishe maisha kwa kumsubiri Aida. Chukua kitambaa cha drafti, kile kile kinachoshonewa mashati na magauni ya shule, chenye miraba minne kwa inchi. Miraba imeshachorwa na kiwanda, kazi yako ni kutia msalaba mmoja katika kila mraba unaoutaka, kona kwa kona. Kabla hujalipa, weka rula juu yake: pima miraba kumi kwa urefu, kisha kumi kwa upana. Vipimo vikiwa sawa, nunua. Vikipishana, mrudishie mwenye duka kwa salamu njema, kwa sababu miraba hiyo ni mistatili iliyojificha, na kila herufi utakayoishona itatoka nene au imerefuka kama aliyefunga siku arobaini.

Ukikosa drafti, lipo gunia la katani. Nyuzi zake ni nene, zimekaa mbalimbali, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuzihesabu bila miwani. Shona juu yake kwa sufu nene, utapata kizulia cha mlangoni ambacho hakuna mgeni atakayethubutu kukikanyaga kwa viatu vya matope. Gunia la sulufeti liache liendelee kubebea alizeti.

Kuna pia ujanja mmoja ambao ningependa kila kikundi cha akina mama kiujue. Unataka kudarizi kwa kuhesabu juu ya merikani au shuka jeupe, ambalo nyuzi zake ni nyembamba mno hata tai asingeziona. Kata kipande cha gunia lililosafishwa, kishikize kwa bandi juu ya shuka, kisha shona misalaba yako ukihesabu nyuzi za gunia huku sindano ikipita kote kuwili. Usichome uzi wa gunia katikati; pita kwenye matundu. Ukimaliza, kata gunia pembezoni na uchomoe nyuzi zake mmoja mmoja kutoka chini ya mishono. Misalaba inabaki juu ya shuka imejipanga sawasawa, na jirani atakuja kuuliza ulitumia mashine gani. Mwambie ukweli, na mfundishe.

Sindano nazo zina adabu zake. Kwa gunia na Aida, tumia yenye ncha butu, ipenye tundu bila kupasua uzi. Kwa drafti, ambayo haina matundu, tumia yenye ncha kali. Ukiwa dukani kumbuka kwamba namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Kwa Aida ya miraba 14 namba 24 inafaa. Uzi wa kudarizi huja na nyuzi ndogo sita zilizosokotana. Usizitumie zote. Kwa Aida chukua mbili, kwa drafti ya miraba minne chukua tatu au nne. Zichomoe moja baada ya nyingine, kisha uziunganishe upya, zitalala vizuri. Urefu ni dhiraa moja, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Kuna watu hukata uzi mrefu wa pima nzima ili wasisumbuke kutunga sindano mara kwa mara. Watu hao hutumia muda waliookoa kufumua mafundo.

Sasa fungua daftari la hesabu lenye miraba, lile la mtoto, ila umwombe kwanza. Tutashona maneno yanayostahili kukaa kwenye kochi la nyumba yoyote ya Singida: KARIBU MGENI. Kila herufi iwe na kimo cha miraba 7 na upana wa 5, isipokuwa I, ambayo upana wake ni 3. Kati ya herufi na herufi acha mraba mmoja, kati ya maneno acha minne. Jumlisha: KARIBU ni miraba 33, MGENI ni 27, na nafasi ni 4, jumla 64. Zungushia fremu ya msalaba mmoja mmoja, ukiacha miraba minne mitupu kila upande kati yake na herufi. Sasa pambo zima lina upana wa miraba 74 na kimo cha 17.

Gawa 74 kwa 4 na utapata inchi 18 na nusu, yaani sentimita 47 kwenye drafti. Gawa 74 kwa 14, kwenye Aida, na pambo lile lile linakuwa na upana wa sentimita 13 na kidogo. Kwa hiyo hesabu hii ifanyike kabla ya mkasi kutoka kwenye kabati. Ongeza sentimita 8 kila upande kwa ajili ya pindo na kwa ajili ya kushikia. Nimeona kitambaa kizuri ambacho neno MGENI liliishia kwenye N, kwa kuwa kitambaa kiliisha kabla ya mgeni kufika.

Hesabu pia misalaba. Kwa herufi nilizozipanga mimi, KARIBU inakula misalaba 96 na MGENI inakula 81, jumla 177. Fremu peke yake inataka 178. Ndiyo, fremu imeyazidi maneno yote kwa msalaba mmoja, na jambo hili lifahamike mapema kwa sababu watu wengi hukata tamaa kwenye fremu wakidhani kazi imekwisha.

Kisha tafuta katikati. Kunja kitambaa nusu kwa upana, halafu nusu tena kwa urefu, minya mkunjo kwa ukucha, fungua, na upige bandi ya uzi wa rangi nyingine juu ya mikunjo hiyo miwili. Upana wetu wa 74 hugawanyika sawa, hivyo mstari wa katikati unapita baina ya mraba wa 37 na wa 38. Kimo cha 17 hakigawanyiki, hivyo katikati yake ni ndani ya mraba wa 9. Fuata daftari lako na utaona kwamba msalaba wa kwanza kabisa, ule unaogusa katikati kwa upande wa kulia, ni wa mguu wa kulia wa herufi U. Anzia hapo. Anayeanzia kwenye K kwa sababu ndiko kusoma kunakoanzia anaweka dau kwamba hesabu yake yote ya pembeni ni sahihi, na kitambaa hakikopeshi.

Usifunge fundo. Fundo linajenga kichuguu chini ya kitambaa, na pasi italitafuta. Ukiwa na nyuzi mbili, kata uzi mmoja wa dhiraa mbili, ukunje katikati, tunga ncha zote mbili kwenye tundu la sindano. Toa sindano kutoka chini kwenda juu, rudi chini kwenye kona ya pili, kisha ipitishe ndani ya kitanzi kinachosubiri kwa nyuma, vuta. Umeshikika. Ukimaliza uzi, uchomeke chini ya mishono minne au mitano kwa upande wa nyuma, ukate.

Msalaba wenyewe ni mistari miwili, na siri yote ni moja: mstari wa chini uelekee upande mmoja kila mara, na wa juu upande wa pili kila mara, kuanzia msalaba wa kwanza hadi wa 355. Katika safu ndefu kama ya fremu, nenda kwanza na mistari ya chini mpaka mwisho, halafu rudi ukifunga. Misalaba miwili tu ikigeuka, mwanga wa dirishani utaitangaza kwa kila anayeingia. Vuta uzi ulale, usiukaze hadi kitambaa kikunje uso. Na usivushe uzi kwa nyuma kutoka U ya KARIBU hadi M ya MGENI, maana ile nafasi nyeupe ya miraba minne itauonyesha. Ukate, uanze upya.

Kila miraba kumi, piga bandi ndefu ya kuhesabia, uchomoe ukimaliza. Kitambaa kikiwa cheusi, tandika kanga nyeupe mapajani ili matundu yaonekane. Kikiwa cheupe, tandika nyeusi. Usiku taa ya sola inatosha kwa fremu, si kwa herufi.

Kisha kutatokea hodi. Hii ndiyo hatua ambayo vitabu vya Ulaya vimeisahau kabisa. Umefika mraba wa 37, na mlangoni amesimama shangazi ambaye hamjaonana tangu mavuno. Salamu zake zina ngazi: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kwa heshima ya ukoo huwezi kumwambia asubiri, na kwa heshima ya kitambaa huwezi kusahau 37. Dawa ni kuegesha sindano: ichomeke kwenye tundu linalofuata, ikiwa imesimama, kisha andika namba kwa kalamu nyuma ya mkono. Sasa inuka na umpokee shangazi kwa mikono miwili. Akikaa, mwonyeshe kazi. Ikiwa naye ni mdarizi atahesabu upya kutoka mwanzo bila kuombwa, na hakuna mkaguzi bora kuliko shangazi.

Ukishamaliza kitambaa cha kwanza usikimbilie cha pili kilekile. Jifunze bandi ya kwenda na kurudi. Unapiga bandi ya kawaida, nyuzi mbili juu na nyuzi mbili chini, hadi mwisho wa mstari, halafu unarudi njia ileile ukijaza mapengo. Uso na mgongo vinafanana kabisa, kwa hiyo mshono huu unafaa kitambaa cha mezani au pazia linaloonekana kutoka pande zote. Wazungu wameupa jina la Hans Holbein, mchoraji aliyewachora watu wa ikulu ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza kwa uangalifu mkubwa. Katika picha yake ya Malkia Jane Seymour ya mwaka 1536 hivi, darizi nyeusi kwenye ncha za mikono ya gauni inaonekana wazi kiasi cha mtu kuweza kuiiga leo. Jina likaenda kwa aliyechora, na aliyeshona hakutajwa. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Ipo pia nyota ya miguu minane: kila mguu unatokea nje na kuzama kwenye tundu moja la katikati, kamwe usiende kinyume, na ukivuta kidogo katikati panafunguka kidirisha. Ipo kazi ya Hardanger, iliyopewa jina la eneo la Norway, ambayo inataka roho ngumu. Unashona mafungu ya mishono mitano, kila mshono ukipita juu ya nyuzi nne, kila fungu likikabiliana na mwenzake, kisha unachukua mkasi na kukata nyuzi za kitambaa pale zinapoingia miguuni mwa mafungu hayo. Hesabu mara tatu, kata mara moja. Na kabla ya hayo yote, jifunze pindo la kuchomoa nyuzi: chomoa nyuzi tatu au nne sambamba na ukingo, kunja pindo lifike hapo, kisha funga nyuzi zilizobaki nne nne. Ni pindo la bei rahisi kuliko lesi yoyote, na halichakai haraka.

Huenda mwanamume mmoja akapita na kusema sindano ni ya wanawake. Mwelekeze pwani. Kofia za vito zinazovaliwa Zanzibar na Lamu, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mpangilio, zina mafundi wa kiume wanaoketi barazani na kazi yao mapajani, na wanaume wa Oman huvaa kofia za jamii hiyo hiyo, wakiziita kumma. Kisha mpe sindano ashike safu moja ya fremu. Wanaume wenye subira ya kufuga nyuki hawashindwi na misalaba 74.

Kufua: maji ya baridi, sabuni isiyo kali, bila dawa ya kutakatishia. Uzi mwekundu ujaribu kabla hujaushona, lowesha kipande na ukibane kwenye kitambaa cheupe. Usikamue kwa kusokota. Viringisha ndani ya taulo. Piga pasi kwa nyuma, darizi ikiwa imelala juu ya taulo ili isibonyee. Kama pasi ni ya mkaa, toka nje upulize majivu kabla, ukitazama upepo unakokwenda.

Na tia jina. Katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert mjini London kipo kitambaa cha mazoezi cha mwaka 1598, cha zamani kuliko vyote vya Uingereza vyenye tarehe, na tunalijua jina lililoshonwa juu yake: Jane Bostocke. Tunalijua kwa kuwa lilitiwa kwa uzi. Wanawake wa Palestina wamejaza misalaba kwenye vifua vya nguo zao kwa vizazi, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi wao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wewe wa Ihanja tia jina lako, kijiji na mwaka kwenye kona ya chini, herufi za miraba mitano. Usione haya. Fundi wa milango huchonga jina lake, na dereva wa lori huandika lake nyuma kwa rangi tatu.

Imebaki hesabu ya mwisho, na hii ndiyo inayoniuma. Ukisema huwezi kuhesabu shilingi baada ya kuhesabu nyuzi, sikuamini. Weka saa mezani na uone unashona misalaba mingapi kwa saa. Tuseme 60. Misalaba 355 ni saa sita, ongeza saa mbili za pindo, kufua na pasi: saa nane kwa kitambaa. Seti ya makochi ya vitambaa sita ni saa 48. Jiwekee ujira, tuseme shilingi 1,500 kwa saa, ufikie 72,000, kabla ya kitambaa na uzi. Andika yote hayo kwenye ukurasa uleule wa daftari wenye mchoro.

Mteja atakuja siku ya mnada, atavishika, atavisifu, halafu atasema: "Mama, si vitambaa tu hivi? Chukua elfu kumi." Usinune. Mvutie kigoda, mpe maji, fungua daftari. Mwambie: "Dada yangu, hapa pana misalaba 2,130. Kila mmoja sindano imepita mara nne, hiyo ni mara 8,520. Elfu kumi yako ni shilingi mia mbili na nane kwa saa." Kisha nyamaza, umwache ahakikishe mwenyewe kwa simu yake. Atapanda hadi thelathini, atapanda hadi hamsini. Na kama ada ya mtoto inakaribia na hamsini ndiyo iliyopo mkononi, muuzie, umfungie vizuri, umshukuru. Lakini kabla hajatoka uani, chukua kalamu mbele yake na uandike chini ya hesabu: amelipa 50,000, punguzo nililompa 22,000.